Kituo cha kusafisha damu: uliza haya kabla hujaanza

Daktari akishasema figo zimeshindwa kazi, ndugu wote hukimbilia swali moja: hospitali ipi kubwa? Mimi namuuguza baba yangu, na nasema anzeni na umbali. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kila mara muda wa saa 4, mpaka apandikizwe figo au maisha yake yote. Kituo kizuri kilicho ng'ambo ya jiji, kwa foleni za kutoka Mbagala hadi Mwenge, kitamchosha mgonjwa hata kabla hajafika kitandani. Mwisho ataanza kuruka vikao, maji yajae mwilini, madini ya potasiamu yapande kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama.

Wa mikoani wasikimbilie Dar es Salaam. Huduma ipo Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na Benjamin Mkapa Dodoma, ambako hata kupandikiza figo kunafanyika.

Ukipata cha karibu, nenda ukakione. Vigae na televisheni achana navyo, uliza maji. Kikao kimoja hutumia lita kama 120 kwenye mashine, na lazima yawe yamesafishwa kwa mitambo maalumu, maana klorini ya bombani ikipenya hupasua chembe nyekundu za damu. Bomba likikauka siku 2 wanafanyaje? Na umeme ukikatika? Muuguzi mmoja nilipomuuliza hilo hakujibu kwa maneno. Alinionyesha kishikio cha pampu na jinsi anavyoizungusha kwa mkono kurudisha damu ya mgonjwa mwilini kama betri na jenereta vyote vimegoma. Kwingine niliambiwa "hilo usiwe na wasi". Nikaaga.

Uliza pia mwenye homa ya ini B anasafishwa kwa mashine ipi. Inatakiwa iwe ya peke yake. Na kituo kisichokudai majibu ya homa ya ini kabla ya kuanza, ujue hata wa kitanda cha jirani hakudaiwa.

Wengi huanza na mpira unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni, kwa kuwa wamefika wakiwa hoi. Msiuzoee, ni njia rahisi ya vijidudu kuingia kwenye damu. Ulizieni mapema fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie hapo, kwa sababu huchukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa. Baba kila asubuhi huweka vidole juu ya yake, inatetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Siku mtetemo ukipotea, ni hospitali siku hiyohiyo. Mkono huo haupimwi presha wala kutolewa damu, na mkilazwa wodi nyingine semeni nyie wenyewe, msingoje muuguzi akumbuke.

Bima nayo waulizeni kwa undani: vikao vingapi kwa wiki, na sindano za kuongeza damu zimo au mnajinunulia? Hizo sindano ndizo watu husahau kuulizia.

Msiba au harusi ikiwatoa mjini, pigieni kituo cha huko mapema muombe nafasi. Watataka barua ya kituo chenu na majibu ya vipimo vya karibuni, kwa hiyo pigeni picha karatasi zote, ziwe kwenye simu za watu wawili.