Jibu: Umeme ulikatika Ubuntu ikijisasisha, sasa haikubali kusakinisha kitu

Ndugu wa Goma, usisakinishe mfumo mzima wa kompyuta (Ubuntu) upya. Umeme ulipokatika, dpkg (chombo kinachosakinisha vifurushi, yaani programu zilizofungashwa) ilikuwa imeshafungua baadhi ya vifurushi bila kumaliza kuvipanga, ndiyo maana apt (chombo kinachopakua vifurushi na kuipa dpkg) inakataa kila ombi. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika:

sudo dpkg --configure -a

Nywila haionekani unapoiandika, bonyeza tu Enter. Amri hii haili mega za intaneti, inatumia vilivyo tayari kwenye diski. Kisha:

sudo apt --fix-broken install

Hii ya pili inaweza kupakua, basi soma kiasi inachotaja kabla ya kukubali. Usikimbilie "apt clean": inafuta vifurushi vilivyohifadhiwa ndani ya /var/cache/apt/archives, na utavilipia mega mara ya pili. Faili moja la .deb (faili la kifurushi) likitajwa kuwa limeharibika, futa hilo peke yake, urudie amri.

Wapo wanaoshauri kufuta faili la lock (la kufuli, linalozuia programu mbili kusakinisha kwa pamoja); ushauri huo tafadhali uache. Kufuli lenyewe hushikwa na programu inayofanya kazi na huondoka programu ikifa. Faili kubaki pale si kosa. Mara nyingi kufuli limeshikwa na masasisho ya kujiendesha yanayoendelea nyuma. Yasubiri yaishe. Ukilazimisha, programu mbili zitaandika kwenye kumbukumbu za dpkg kwa pamoja, na hapo ndipo uharibifu mkubwa huanzia.

Angalia pia nafasi ya /boot, sehemu yenye faili za kuwashia kompyuta, kwa "df -h /boot". Ikiwa imejaa 100%, "sudo apt autoremove --purge" itaondoa kerneli (kiini cha mfumo) za zamani.

Kompyuta ikikwama kabla ya kuwaka kabisa, shika Shift au gusa Esc inapoanza, uchague kerneli ya awali kwenye menyu itakayotokea. Ukikwama, bandika hapa ujumbe wote, si mstari wa mwisho pekee.