Mwanao hataki vipindi vya utotoni mwako? Anza hivi

Mzazi mwenzangu nimekusoma, unataka mwanao wa miaka minne aone vile vipindi vya tivii ulivyovipenda utotoni lkn dakika mbili tu anaomba simu. Pole, yalinikuta na binti yangu na iliniuma kweli.

Shida sio mtoto. Vipindi vya zamani vinaenda taratibu, mtu anaongea mpaka amalize, na yeye kashazoea video za harakaharaka. Usimwache na tivii peke yake, kaa nae. Mimi nilianza na Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani, ipo tangu 1969 na ni vipande vifupivifupi, nikamwekea kimoja tu nikazima kabla hajachoka, kesho yake akaniuliza mwenyewe yule ndege mkubwa wa njano yuko wapi, hapo ndo nikajua amenasa. Nyimbo zake muimbie mkiwa mnaoga, zinaingia zenyewe.

Ila kitazame kwanza wewe. Kuna kipindi cha 1983 yule ndege kamchora Mr. Hooper, mzee mwenye duka wa humo, anasubiri arudi ampe picha, wakubwa wanamwambia amefariki na harudi tena. Kizuri mno, mi huwa nalia, lkn jiandae na maswali ya kifo.

Muda nao, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema umri wake isizidi saa moja kwa siku. Na kama hata ukizima kila kitu bado haongei au ukimwita hageuki, mpeleke kwa daktari wa watoto mapema, usisubiri.