Kukata Picha za Kivuli za Watoto na Mifugo ya Nyumbani

Anayetaka kukata picha za kivuli hana budi kukubali kwamba picha hizo hazina macho, tabasamu wala rangi ya gauni, na kwamba lolote analotaka kulisema litasemwa na ukingo wa karatasi nyeusi. Ndiyo maana mimi hutumia muda mwingi zaidi kuchagua mkao kuliko kukata. Hapa Moshi mikao haiadimiki: mtoto aliyejitwika majani ya ng'ombe, kuku wanaomzonga binti anayepepeta mahindi, au mvulana anayemvuta mbuzi aliyegoma. Huyo mbuzi ndiye ninayempendelea, kwa kuwa kamba iliyokazwa, miguu ya mbele iliyotangulizwa na mvulana aliyejipinda kinyumenyume vinatosha kueleza ugomvi wote. Mwonyeshe mnyama kwa ubavu, na uache upenyo baina yake na mtoto, maana wakigusana wataungana na kuwa bonge jeusi lisilotambulika. Ng'ombe wa kufugia bandani ni mgumu; humwonyesha kichwa na pembe tu, juu ya hori.

Chora kwa penseli upande wa nyuma wa karatasi, ukijua kwamba picha itageuka. Nafasi za ndani, kama ile iliyo kati ya mkono na kiuno, zitolewe kwanza kwa wembe wakati karatasi ingali nzima na imara, kisha ukate ukingo wa nje kwa mkasi mdogo wenye ncha kali. Mkono wa mkasi utulie, karatasi ndiyo igeuzwe. Mfaransa Auguste Edouart, aliyeifanya kazi hii Uingereza na Marekani katika karne ya 19, alikunja karatasi ili mkato mmoja utoe nakala mbili, moja ya mteja na nyingine ya kumbukumbu zake. Ukimwiga, tumia karatasi nyembamba, kwani manila iliyokunjwa huuchosha mkasi na kuharibu vidole vya watoto walio pichani, ambavyo ndivyo vigumu kukata kuliko vyote.

Kabla ya kubandika, waonyeshe watoto wa nyumbani. Wakisema mbuzi wako ni mbwa, usibishane nao. Punguza mkia, chonga ndevu. Gundi ya maji hukunjamanisha karatasi nyembamba, hivyo paka vitone vichache tu, ubandike mwili kwanza, masikio na kamba mwishoni, kisha ukandamize kwa vitabu vizito hadi ikauke.