Mtoto wa usonji nyumbani kwako: maswali ya wasomaji

Nataka kumlea mtoto mwenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisia) asiye na ndugu wa kumchukua. Nianzie wapi? (Mama, Nkuhungu)

Anza kwa afisa ustawi wa jamii. Usimpokee kwa maneno ya mdomo tu. Malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto wa mwingine nyumbani kwako, yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo si sawa na kuasili, yaani kumfanya awe mwanao kisheria, ambako amri hutolewa na Mahakama Kuu. Kabla mtoto hajafika, kaa na aliyekuwa akimlea: analala saa ngapi, akitishika hukimbilia wapi, kuoga ni vita au la. Uliza pia kuhusu kifafa. Mara nyingi huandamana na usonji, na dawa zake hazikatizwi eti kwa sababu mtoto kahama nyumba.

Tukifika Soko la Majengo anaziba masikio, anajitupa chini, anapiga mayowe. Watu wanasema anadeka, nimchape. (Baba, Kizota)

Hadeki, kaka, na fimbo itamwongezea tu jambo la kuogopa. Anayedeka hukuchungulia aone kama umemwona. Huyu hata hakuoni. Hebu sikiliza soko lenyewe: honi za bodaboda, spika ya muuza dawa ya panya inayorudia maneno yale yale, harufu ya dagaa, watu wanaokupiga vikumbo. Wewe unachuja, yeye yanamwingia yote kwa mpigo. Yakimfika, usimhoji wala kumbembeleza kwa maneno mengi. Mtoe pembeni kivulini, nyamaza, mkinge asijigonge kichwa, subiri. Wanaokodoa macho waache wakodoe. Safari nyingine nendeni asubuhi, nunueni kitu kimoja, mrudi. Mwoneshe kabla picha ya soko, kisha ya nyumbani. Mtoto aliyehamishwa hamishwa huenda haogopi kelele peke yake. Huenda haamini kama safari hii mtarudi wote.

Mlenda hagusi, anataka wali mweupe tu. (Bibi, Bahi)

Shikamoo bibi. Wengi wao hukataa chakula kwa namna kinavyokaa mdomoni, na mlenda unateleza. Mpe wali wake. Kitu kipya kijiko kimoja, sahani ya pembeni. Akikiacha, kiondoe bila kesi. Akipungua uzito, kliniki.

Mama mkwe anasema usonji wa mtoto umeletwa na chanjo ya surua. (Msomaji, Kondoa)

Dai hilo lilivumishwa na daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998. Jarida la kitabibu la Lancet lililochapisha makala yake liliifuta 2010, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Usibishane na mkweo mbele ya mtoto. Chukua kadi, chanjo iliyobaki akachomwe.