Kwa Wanagenzi wa Karakana ya Chumvi: Tazameni Hewa Kwanza

Wiki hii, katika karakana yetu ya kufinyanga vitu kwa chumvi, nimemkuta mwanagenzi wetu mmoja akilinda jokofu, akingoja fuwele zikue ndani ya sufuria ya maji ya chumvi aliyoyachemsha jana yake. Sikumcheka, kwa kuwa mimi nililinda langu siku 3.

1. Chumvi si shabu, ambayo fuwele zake hukua maji yake ya moto yakipoa. Lita moja ya maji yanayochemka hubeba takriban gramu 390 za chumvi, na yakishapoa bado hubeba 360, kwa hiyo kuyapoza hakukupi kitu. Fuwele huzaliwa maji yanapokauka: tumia beseni pana, lifunike kwa kitambaa chepesi, na uache kulichungulia kila saa.

2. Chumvi ya kushindilia kwenye kalibu ichekeche, uichanganye na uji mzito wa wanga wa muhogo, kisha uikaushe kivulini. Kalibu ya chuma ni marufuku.

3. Hewa, na hapa ndipo nilipoumbuka. Nilipokea kazi ya vifuniko 12 vya taa kwa nyumba ya wageni iliyo ufukweni, nikavifinyanga kwa chumvi iliyotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi, bila kuiosha, na nikajisifu kwamba ni ya asili. Mwezi wa Februari viling'aa. Masika yalipoingia, mwenye nyumba alinipigia simu: "Mwanangu, taa zako zinalia." Nilikwenda nikaona tone likijikusanya kwenye ukingo, likining'inia, kisha likidondoka juu ya meza ya mvule iliyokwisha kujaa miduara myeupe. Usiku joto la balbu lilizikausha; mchana, zikiwa zimezimwa, zilitoa jasho upya, na vishikizo vya shaba vikaota kutu ya kijani. Badala ya kukiri, nilipaka vanishi juu ya unyevu ule ule, nayo ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chumvi safi huanza kuvuta maji unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, lakini kloridi ya magnesi iliyobaki katika chumvi ya bahari huanza kwenye asilimia 33 tu, na pwani yetu haishuki hapo hata kiangazi. Meza niliilipa mimi, na taa nilizirudisha ndani ya ndoo.

Basi osheni chumvi kwa maji safi yaliyokolea chumvi hadi haiyeyuki tena, wala si kwa maji matupu, na muwe na kipimaunyevu ukutani.

4. Msiniambie kwamba huko Siwa, Misri, watu walijenga mji mzima wa Shali kwa chumvi na udongo. Walijenga jangwani, ukasimama kwa karne kadhaa, na mwaka 1926 mvua ya siku 3 ikauharibu. Mafundi wale angalau walichagua mahali ambapo mvua ni nadra. Mimi niliipeleka chumvi ufukweni kwa miguu yangu.

Ndoo ile ingali chini ya meza yangu, na chumvi yake ndiyo mnayopewa kwa majaribio ya wiki ya kwanza.