Je, inafaa mtoto wa Kiislamu kuitwa Alfred?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, nimeolewa na Mwingereza aliyesilimu na tunaishi Leicester. Allah ametujaalia mtoto wa kiume. Baba mkwe, ambaye si Muislamu, anaomba mjukuu aitwe Alfred, jina la marehemu baba yake. Je, inafaa? Na mume wangu, Edward, ni lazima abadilishe jina?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Allah amkuze mtoto katika twaa.

Nianze na mumeo, maana suala lake ni jepesi. Hakuna dalili inayomlazimisha aliyesilimu kuacha jina lake eti kwa kuwa si la Kiarabu. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbaya, hata yaliyokuwa Kiarabu safi: mwanamke aliyeitwa 'Aaswiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Edward ni jina la Kiingereza cha kale lenye maana ya mlinzi wa mali au neema. Hapo pana ubaya gani? Abaki nalo, na ubini wa baba yake asiuache, kwani tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao (Qur'ani 33:5).

Alfred lina mushkeli kidogo. Maana yake ni ushauri wa "ælf", na hao kwa Waingereza wa kale walikuwa viumbe wa ghaibu, mfano wa majini, walioogopwa kwa kuleta maradhi. Najua mzee hawazi hayo. Anamkumbuka baba yake, au labda Mfalme Alfred wa Wessex aliyefariki mwaka 899. Sisemi ni shirki. Lakini kwa mtoto ambaye bado hajapewa jina, naona ni karaha, na kuliacha ni bora.

Yapo mazito zaidi. Christopher ni mbebaji wa Kristo. Martin limetokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi, na Dennis na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki. George huwachanganya wengi, kwa sababu maana yake ni mkulima tu. Hata hivyo mwanachuoni Ibn al-Qayyim aliyataja Jirjis, ambalo ndilo George, na Butrus, ndilo Peter, miongoni mwa majina mahususi ya Wakristo ambayo Muislamu hajiiti. Kwa hiyo hatutazami maana peke yake.

Mpendekezeeni mzee Adam, Joseph au Noah. Noah ndiye Nabii Nuh, na mwaka 2023 lilikuwa jina la pili kwa watoto wa kiume Uingereza na Wales, nyuma ya Muhammad. Hatalikuta geni. Sunna ni kumpa jina siku ya saba pamoja na akika, na sheria ya huko inawapa siku 42 za kuandikisha, basi muda wa kuzungumza upo. Azungumze mumeo mwenyewe, kwa upole, wala si wewe mkwe. Mzee akiendelea kumwita mjukuu Alfred nyumbani kwake, msigombane naye kwa hilo.

Wallaahu a'lam.