Mwanangu, huo wasiwasi wa saa tisa usiku

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako niliisoma juzi usiku nikairudia tena asubuhi baada ya swala, sikukujibu haraka kwa sababu swali kama lile huwezi kulijibu kwa "usijali utakuwa sawa" halafu ukaenda kupika. Umeniambia tangu umefikisha thelathini unashtuka usingizini saa tisa usiku, huumwi popote, hudaiwi na mtu, kazi ipo, halafu inakujia tu kwamba siku moja hutakuwepo na daladala za Mbagala zitaendelea kupakia kama kawaida, na pumzi inakata. Ukaniuliza mambo mawili, hawa watu wa falsafa wanasemaje kuhusu hali hii, na je ni upungufu wa imani.

La pili nalijibu kwanza maana najua ndilo linalokuuma zaidi. Hapana mwanangu, si upungufu wa imani.

Imam Ghazali jina lake umelisikia tangu madrasa. Mwaka 1095 alikuwa Baghdad anafundisha Nidhamiya, chuo kikubwa cha dini cha wakati ule, wanafunzi mia tatu wanamsikiliza, wakubwa wa serikali wanamheshimu, hana anachokosa. Akaanza kujichunguza, hivi mi nafundisha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya jina langu, na jibu alilolipata halikumpendeza, akajiona kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mto unaomomonyoka. Karibu miezi sita anavutana na nafsi yake, leo anaamua kuondoka kesho anaghairi, mpaka siku moja anataka kufundisha ulimi ukagoma kabisa, neno halitoki. Chakula hakishuki. Waganga wakamwangalia wakasema hii imeanzia moyoni, dawa zetu haziifikii mpaka moyo wenyewe upumue. Haya yote kayaandika mwenyewe kwa mkono wake wala hakuona aibu. Sasa kama mtu wa elimu ile ilimfika hivyo, we nani akuambie huna imani kwa sababu umeshtuka usiku?

Halafu kuna huyu Kierkegaard, Mkristo wa Denmark, karne saba na zaidi baadaye. Mwaka 1844 kaandika kitabu kizima kuhusu wasiwasi tu. Anasema ni kama mtu anayechungulia shimo refu akapata kizunguzungu, na kizunguzungu hicho kimetoka kwenye shimo lakini kimetoka kwenye jicho lake pia, maana asingechungulia asingekipata. Mi niliposoma pale nikaweka kitabu chini, nikamkumbuka Ghazali na ukingo wake. Dini mbalimbali, zama mbalimbali, na wote wamesimama pembeni ya kitu kirefu wanaangalia chini. Kierkegaard anasema mnyama hana wasiwasi huu, malaika pia hana, ni wetu sisi tulio katikati, tunaojua kwamba tunaweza kuchagua na tutakufa. Kwa hiyo hakutaka kuufuta, alitaka mtu ajifunze kuwa nao vizuri.

Ngoja nikwambie kitu kuhusu neno lenyewe kwa sababu nalipenda. Wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, ni lile lile la Suratun Nas unalolisoma kila siku, mnong'ono. Sisemi hili lako ni la shetani, nachukua neno tu. Hofu ina sura, unaogopa mbwa, unaogopa kufukuzwa kazi, unaogopa majibu ya hospitali. Wasiwasi unanong'ona tu na ukigeuka hakuna mtu. Heidegger, Mjerumani, mwaka 1927 aliandika hivyo hivyo, kwamba hofu ni ya kitu fulani ila ule wasiwasi mkubwa ukipita mtu akikuuliza ulikuwa nini unasema "wala haikuwa kitu". Mwanangu si ndivyo ulivyoniandikia mwishoni, "lakini mama wala si kitu"? Yeye anasema hicho "si kitu" ndicho chenyewe. Mchana tunajificha kwenye maneno ya wote, "kila mtu atakufa", tunalisema msibani huku tunamwaga chai, na maana yake ni kila mtu isipokuwa mimi. Saa tisa usiku hakuna wote, uko peke yako na jambo linakuhusu wewe. (Mtu mwenyewe mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler, nakwambia ili usije kulijua baadaye ukaona mama alikuficha. Hili la wasiwasi kaliona vizuri, mengine siwezi kumtetea.)

Mi nilianza kusoma hivi vitabu mwaka ule baba yako alipotutoka, naazima maktaba, kamusi pembeni, ukurasa mmoja jioni nzima. Wa kwanza alikuwa Epikuro wa Athens, aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo. Hoja yake fupi, tukiwepo sisi kifo hakipo, kikiwepo kifo sisi hatupo, kwa hiyo mnakutana wapi? Na mfuasi wake mmoja Mrumi, Lucretius, akaongeza kwamba miaka yote kabla hujazaliwa hukuwepo na haikukuuma. Fikiria, Wajerumani wanajenga boma hapa Tanga we hukuwepo, uliumia? Kwa hilo lako la daladala za Mbagala hoja hii inafaa kidogo, ijaribu. Ila mimi haikunifaa, kwanza kwa sababu siamini kwamba roho inatawanyika kama moshi kama walivyoamini wao, na pili kwa sababu Epikuro anaongelea kifo changu mimi, na mimi nilikuwa naangalia kiti cha baba yako barazani. Nilikuwepo, na kifo kilikuwepo.

Waliofuata ni Wastoa, wanafalsafa wa zamani wa Ugiriki na Rumi waliofundisha mtu kuyapokea kwa utulivu yasiyo mikononi mwake. Epiktetosi alikuwa mtumwa, akaja kuwa mwalimu, anasema ukimbusu mtoto wako jikumbushe kwamba unambusu binadamu anayekufa. Nilikasirika mno. Nikasema huyu hajawahi kulea. Halafu Januari ile ulipokuwa unarudi chuo, nimekusindikiza stendi, basi linanguruma, nikajikuta nimeyakumbuka maneno yake na nikakushika mkono muda mrefu mpaka kondakta akapiga kelele. Sijui kama unakumbuka. Tangu siku hiyo simkasirikii tena, ingawa bado naona ni dawa kali, usiinywe kila siku.

Na Wabuddha wana kisa cha Kisa Gotami, mwanawe mdogo kafa, anazunguka na maiti mkononi akitafuta dawa, Buddha akamwambia niletee punje za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Akapiga hodi mji mzima. Haradali ilikuwepo kila nyumba, ila nyumba isiyofiwa hakuiona. Hapa sina la kuongeza, we umekua kwenye matanga, unajua wanawake wanavyokaa mkekani na mfiwa siku tatu bila kumwambia hoja yoyote.

Nilichokiona mimi baada ya miaka yote hii ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekaa akasoma jibu likamtosha. Epikuro anamwambia rafiki yake jizoeze, zoea kufikiri hivi. Marko Aurelio, mfalme wa Rumi mzima, alikuwa anajiandikia mwenyewe maneno yale yale ya Wastoa tena na tena kama mtoto anayerudia kurasa. Na Ghazali, elimu yote ile, aligawa mali yake akabakisha ya kuwatunza watoto, akaenda Damascus akawa anapanda mnara wa msikiti anajifungia humo mchana kutwa na dhikri, miaka zaidi ya kumi hafundishi hadharani, ndipo mwaka 1106 akarudi darasani. Alikuwa anazijua hoja zote kabla ya kuumwa. Kwa hiyo ukishtuka usiku usianze kubishana na lile wazo, hutalishinda kitandani. Amka, tawadha, kaa, pumua, soma unachokijua kwa moyo. Kesho yake fanya tena. Na ikifika wiki hata mchana huli au kifua kinabana nenda hospitali ukawaambie wazi, Ghazali mwenyewe aliangaliwa na waganga.

Wa mwisho ni wa hapa hapa kwetu, John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya wa kule Kitui. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969 kwa Kiingereza lakini alipotaka kueleza wakati akachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Anasema mtu akifa haendi mbali mara moja, maadamu kuna anayemkumbuka kwa jina lake yumo bado kwenye sasa, na akifa wa mwisho aliyemjua ndipo anazama kwenye zamani. Wengi walimpinga aliposema Waafrika hatukuwa na wazo la wakati ujao wa mbali, na mi naona walikuwa na haki, mtu anayepanda mnazi anamfikiria mjukuu. Lakini hili la jina limenikaa. We unaogopa kwamba dunia itaendelea bila wewe kama hukuwahi kuwepo, na Mbiti anakuambia hilo halifanyiki siku moja, na kwamba kuna watu sasa hivi wamebaki kwenye sasa kwa sababu ya mdomo wako wewe.

Hitima ya baba yako ni Alhamisi ijayo. Majina ya marehemu wetu ya kusomewa fatiha nimeanza kuyaandika, upande wangu yamekamilika, upande wa baba yako nimekwama kwa baba wa babu yako, silijui jina lake na wazee wa hapa mtaani hawalijui. Shangazi yako wa Pangani ndiye pekee aliyebaki anayelijua. Mpigie kabla ya Jumatano, simu yake anaishika jioni baada ya magharibi, uniletee jina hilo ukija.

Mama yako